Kiti cha Georgine

Tulipomzika Mama Zaina mwezi uliopita, nilidhani mimi ndiye nitakayekaa karibu na watoto wake kupita wote. Nilikuwa nimefika kilioni tangu asubuhi, nimevua viatu, nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wa familia, na kila aliyeingia uani pale Kabondo, mjini Kisangani, aliambiwa kwamba huyu ni Mama Béatrice, fundi, ndiye aliyefundishwa kushona na marehemu. Niliinamisha kichwa, nikapokea pole kama mtoto wa nyumba. Mnamo saa nne wanawake waliokuwa mlangoni wakasogea, akaingia mwanamke mrefu aliyejifunga liputa la kahawia, mfuko wa safari begani, viatu vimejaa matope ya bandarini. Binti mkubwa wa marehemu alipomwona alipiga kelele kama anayemwita dada yake, "Ya Georgine! Ya Georgine amefika!" Akaruka kutoka kwenye mkeka, wakakumbatiana, wakalia wakiwa wamesimama, na uwanja mzima ukalia pamoja nao. Nilipofika mimi, hakuna aliyesimama. Nilihisi kitu kikinipanda kifuani mpaka kooni, na nilikitambua mara moja, maana niliishi nacho mwaka mzima nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Mtu anafikiri umri utamwosha. Nina wajukuu watano, na pale kwenye mkeka, mbele ya maiti ya mwanamke aliyenilea katika kazi, nilichowaza ni kwamba Georgine amenipita tena.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wangu wa pili katika chumba cha Mama Zaina. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, kuta zimepakwa chokaa, mlango mmoja wa kutokea barabarani na dirisha moja pana upande wa kushoto. Kulikuwa na cherehani mbili za miguu, meza ndefu ya kukatia, kioo kilichopasuka kwenye kona ambamo wateja walijitazama wakiwa wamejizungusha shuka, na pasi ya makaa iliyokaa kizingitini ili moshi utoke nje. Sisi wanafunzi tulikuwa watatu au wanne, kutegemea mwezi, na sote tulikaa kwenye benchi moja refu lisilo na pa kuegemea. Anayeshona kwa mashine alivuta ncha ya benchi mpaka kwenye cherehani. Anayepinda kwa mkono alikaa katikati na kuinamia magoti yake. Saa sita tulisogeza vitambaa, tukala palepale juu ya meza ya kukatia: lituma ya ndizi iliyopondwa vizuri, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaushwa, na siku ya Ijumaa wali wa Kimaniema ambao Mama Zaina alitupikia mwenyewe kabla ya kwenda msikitini. Nilipenda sana chumba kile. Nilipenda harufu ya kitenge kipya kikipigwa pasi, na nilipenda kusikiliza wateja, maana mwanamke akisimama amenyoosha mikono apimwe, atasema yote: mume wake, jirani yake, wifi yake, na mtoto asiyetaka kusoma.

Mgongo uliniuma, lakini sikusema. Jioni nililala chini kwenye saruji, miguu imeegemezwa ukutani, mpaka maumivu yashuke. Sote tulifanya hivyo kwa namna yetu na hakuna aliyelalamika, kwa sababu Mama Zaina alikuwa amekwisha kutuambia kwamba yeye kule Kasongo alijifunza kushona chini, kwenye mkeka, hata benchi hakuliona. Nilichukua maumivu yale kuwa alama ya fundi. Nikimwona msichana mwingine anajinyoosha, nilimhukumu moyoni. Mimi niliinama saa tano bila kujinyoosha, na Mama Zaina alipopita nyuma yangu na kusema, "Béa iko na roho ya kazi," nilishiba kuliko kwa chakula.

Georgine alikuja wakati wa mvua. Baba yake, seremala wa kituo cha utafiti kule Yangambi, alimpandisha boti na barua ya salamu, naye Georgine akakaa kwa shangazi yake mtaa wa Mangobo, na kila asubuhi alifika kwa toleka, amekaa upande nyuma ya baiskeli kama bibi mkubwa, miguu yake mirefu ikikaribia kuburuza chini. Alikaa kwenye benchi siku tatu. Siku ya nne alisimama na kuanza kupinda gauni amesimama, kitambaa kimewekwa juu ya meza ya kukatia. Mama Zaina akamwuliza kama ana jipu.

"Hapana, Mama," alisema Georgine. "Lakini benchi hii haikutengenezwa kwa mutu mwenye kushona. Ilitengenezwa kwa mutu mwenye kungoja."

Mama Zaina alimtazama juu ya miwani yake, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. "Alors, weye unataka kuikala wapi? Kwenye kiti ya gavana?"

"Niache nitengeneze pahali yangu, Mama. Sitakuomba kitu."

"Bon, tengeneza. Lakini mashini yangu usiiharibu."

Ilimchukua juma moja, na nililiangalia jambo lile tangu mwanzo, kwa hiyo ninaweza kulieleza hata leo. Alipata kiti cha zamani kilichotupwa nyuma ya shule, kimoja kati ya vile vyenye mbao mbili za mgongo. Akapima mguu wake kutoka kisiginoni hadi nyuma ya goti, akaandika urefu huo kwa chaki ukutani, akaenda kwa seremala wa jirani kuazima msumeno, akakata miguu ya kiti kidogokidogo huku akijaribu kila mara, mpaka alipokaa nyayo zake zikalala zote mbili juu ya pedali na mapaja yake yakawa sawa kama meza. Ubao wa chini wa mgongo aliung'oa, akaupigilia upya mahali kiuno chake kinapoingia ndani. Alishona mto mwembamba kwa vipande vya vitenge, akaujaza sufi, akaufunga kwa kamba nne ili usiteleze. Cherehani aliisogeza mpaka dirishani, mwanga ukaingia kutoka kushoto bila kivuli cha mkono wake. Kisha akaniita mimi.

"Béa, shika metre hapa, kwenye kiwiko. Niambie kama iko sawa na meza."

Nilishika. Meza ilikuwa chini vidole viwili. Akatafuta vipande vya mbao, akaviweka chini ya miguu ya cherehani, tukapima tena, ikawa sawa. Mwisho alipigilia rafu ndogo mkono wake wa kulia ulipofikia bila kujinyoosha, akapanga mkasi, pini, chaki na bobini za uzi. Akakaa. Mabega yake yalishuka, shingo yake ikanyooka, akaanza kukanyaga pedali na kuimba polepole kwa Kilingala. Mimi nilibaki nimesimama na futi mkononi. Kama kuna saa niliyoanza kumchukia, ni ile.

Sikuwa na sababu ambayo ningeweza kumwambia mtu. Hakunichukulia kitu, na kiti kile kilikuwa mti uliotupwa. Lakini nilimwona anashona kutoka asubuhi hadi alasiri, anainuka kila baada ya muda kuzunguka chumba mara moja, anarudi, na mshono wake wa mwisho umenyooka kama wa kwanza, wakati mimi kufikia saa nane macho yangu yanaruka na mkono unatetemeka. Wateja waliopita barabarani walimwona kwanza, kwa kuwa yuko dirishani, wakasimama kumsalimia. Walianza kuuliza, "Yule murefu iko? Nataka yeye anishonee." Siku moja nilitoka kuchukua makaa, na niliporudi nikamkuta Mama Zaina peke yake, amekaa kwenye kiti kile, macho amefumba, mgongo umeegemea ule ubao. Aliinuka haraka, akasema anatafuta bobini. Na saa ya kula, Mama Zaina ambaye kichwa cha samaki alinipa mimi tangu mwaka wa kwanza, alikiweka kwenye sahani ya Georgine. Huenda hakufikiri. Mimi nilifikiri siku nzima.

Jambo lililonichoma zaidi ni kwamba Georgine alikuwa mwema kwangu. "Kuja nipime weye pia," aliniambia. "Weye uko mufupi, kiti yako itakuwa ingine. Mugongo yako inalia, miye ninasikia kutoka huku."

"Miye siko mugonjwa," nilimjibu. "Miye nilikuja kushona, sikukuja kupumuzika."

Alirudi kwenye kazi yake. Jioni ile nililala muda mrefu kwenye saruji nikirudia jibu langu, nikiliona zuri.

Kulikuwa na mteja mmoja ambaye kila chumba cha kushona pale mjini kilimtaka. Tulimwita Madame tu. Mume wake alikuwa mkubwa katika ofisi moja ya serikali, na alikuwa anamwozesha binti yake, kwa hiyo alikuwa na gauni la bibi harusi, magauni ya wasindikizaji na malibaya, yaani blauzi za kitenge, za shangazi wote. Mama Zaina alikuwa amesali apate kazi ile, na aliipata. Siku Madame alipoleta vitambaa vya kwanza, Mama Zaina alikuwa uani, na Madame akasimama nje ya dirisha kuzungumza na Georgine. Mimi tu nilikuwa chumbani pamoja naye, kwenye meza, nakata, na nikasikia yote.

"Weye unaikala kama mwalimu," Madame alisema, "na wenzako kila siku wanainama hivi. Kwa nini?"

"Ile benchi inaumiza mugongo, Madame," Georgine alijibu. "Miye nilitengeneza kiti yangu. Siku ingine nitatengenezea wote, kama Mama atakubali."

Hayo ndiyo aliyosema, hakuna zaidi. Siku mbili nzima niliyabeba maneno hayo na kuyageuza. Siku ya tatu nilimkuta Mama Zaina jikoni akichambua mchele, nikachutama karibu naye nikamsaidia, na nikasema, kwa sauti ya mtu anayesikitika, kwamba Georgine amemwambia Madame kuwa benchi la Mama Zaina linavunja watoto wa watu migongo. Mkono wa Mama Zaina ulisimama ndani ya ungo. Ningeweza kuishia pale. Nikaongeza kwamba Georgine amemwambia Madame asubiri kidogo, kwamba atafungua chumba chake Mangobo, na vitambaa vya harusi vilivyobaki avilete kule.

"Weye ulisikia na masikio yako?"

"Kwa masikio yangu, Mama."

Hakupiga kelele. Alimaliza kuchambua mchele, akanawa, akaenda chumbani. Nilimsikia akimwuliza Georgine swali moja: "Ulimwambia Madame kama benchi yangu inaumiza batu?" Georgine akasema ndiyo, alisema. Mama Zaina hakuuliza la pili. Alimwambia akusanye vitu vyake. Georgine alisimama katikati ya chumba, akatutazama mmoja mmoja, na macho yake yalipofika kwangu yalikaa. Kisha akachukua mkasi wake na futi yake, akatoka. Kiti alikiacha.

Kesho yake Mama Zaina akaniambia, "Béa, ikala pale." Nilikuwa nimengojea neno hilo miezi mitatu. Nilikaa. Miguu yangu ilining'inia. Ncha za vidole tu ndizo zilizogusa pedali. Ubao uliomshika Georgine kiunoni ulinigonga katikati ya mgongo, nikalazimika kukaa pembeni kabisa ya mto bila kuegemea popote. Meza ilinifika karibu na kifua, mabega yangu yakapanda masikioni. Kufikia saa tano shingo iliniwaka. Kufikia Jumamosi mkono wa kulia ulikufa ganzi mpaka vidole. Kilikuwa kiti kizuri kupita chote katika mtaa ule, kwa mwili wa mtu mwingine. Sikuthubutu kukikata miguu, maana ningekubali kwamba kuna kitu ambacho Georgine alijua na mimi sikujua. Nilikaa hivyo majuma matatu, mbele ya dirisha, watu wakipita na kuniona, na hakuna aliyesimama.

Madame alirudi kwa ajili ya kujaribu gauni la binti yake. Mikono ya gauni lile niliishona mimi, na mmoja ulikuwa umevutika, mshono unatembea kama njia ya panya. Madame aliugeuza huku na huku. "Hii siyo mukono ya yule murefu," alisema. "Iko wapi?"

Mama Zaina alijikaza. "Nilimufukuza, Madame. Sikutaka mutu wa kuniibia bateja. Nilisikia alikuambia umuletee bitambaa Mangobo."

Madame alishusha gauni. "Miye? Nani alikuambia hivyo? Mutoto ule hakunisemea kitu kama hii hata siku moja. Alisema anataka kutengenezea wote kiti, kama weye utakubali."

Msichana aliyekuwa anakanyaga mashine nyingine aliacha kukanyaga. Mama Zaina hakunitazama mpaka Madame alipoondoka, na aliponitazama nilitamani anipige. "Kesho boti inashuka," alisema. "Utaenda Yangambi, alirudi kwa papa yake. Utamwambia kweli na mudomo yako. Na utamuomba arudi."

Nilishuka mto kwa boti la mbao, nimekaa juu ya magunia ya chumvi, siku nzima mpaka jua likawa chini. Yangambi nilielekezwa na kila niliyemwuliza; wote walimjua. Nilimkuta kwenye baraza la nyumba ya baba yake. Alikuwa amekwisha kujitengenezea mahali pengine: kiti kingine, rafu nyingine, cherehani kuukuu iliyoinuliwa juu ya magogo mawili, mwanga kutoka kushoto. Wanawake wanne walikuwa wanangoja kwenye ngazi na vitambaa mapajani. Na mimi niliyekuja kuomba msamaha, kitu cha kwanza nilichohisi ni wivu. Nilifikiri nimemwangusha, kumbe nilimsukuma mpaka kwenye baraza lake mwenyewe.

Alingoja wateja waondoke. Nikamwambia, "Ni miye."

"Ninajua," alisema, bila kuacha kukunja kitambaa. "Mama aliniuliza neno ya benchi. Neno ile nilisema kweli, na siku ile kwenye chumba ulikuwa weye peke yako."

"Kwa nini hukujitetea?"

"Ningesema nini? Aliniuliza nusu ya kweli." Akanitazama sasa. "Miye sirudi, Béa. Mwambie Mama sina hasira na yeye. Lakini sirudi pahali mutu mwenye kuikala karibu yangu ananifanyia hivi." Kisha, kwa kuwa baba yake alikuwa anakuja kutoka bustanini, akashusha sauti. "Papa yangu hajui. Anafikiri nilirudi kwa sababu ya homa. Usimwambie."

Baba yake, Papa Étienne, alinipokea kama rafiki wa binti yake. Alinipa samaki mkubwa wa mto na lituma, akaniuliza habari za Kisangani, na wakati nakula aliniangalia ninavyokaa. "Mutoto huyu anaikala vibaya," alimwambia Georgine. "Hukumutengenezea kiti?"

"Hakutaka, Papa," Georgine alisema.

"Hakutaka! Mutoto anakataa dawa, unamuacha?" Asubuhi, kabla boti halijapanda, alinisimamisha kwenye karakana yake na kunipima yeye mwenyewe, kisigino hadi goti, nyonga hadi kiuno, kiwiko hadi paja, huku akinieleza kila kipimo na sababu yake, polepole, kama mtu anayemfundisha mwanawe. Aliniambia kwamba alianza kufanya hivyo kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo waliochambua mbegu siku nzima, waliorudi nyumbani hawawezi kubeba watoto wao. Alitengeneza kiti kidogo, kifupi, chenye ubao mahali pake. Georgine alisimama mlangoni akitazama. Angeweza kusema neno moja na baba yake angekipasua kile kiti kuwa kuni. Hakusema. Nilirudi kwa boti nikiwa nimekikalia, na nililia kuanzia Yangambi mpaka tulipoanza kuona paa za Kisangani, na mwenye boti akadhani nimefiwa.

Mama Zaina aliniuliza kama nimesema ukweli. Nikasema ndiyo. Akaniuliza Georgine alijibu nini, nikamweleza. Akaonyesha ukuta wa mbali, nyuma ya kioo. "Weka kiti yako pale." Hakunifukuza. Lakini kwa miezi yote iliyobaki ya mwaka ule hakuniambia neno lililozidi kazi: kata, pinda, piga pasi. Pale dirishani, kwenye kiti cha Georgine, hakumkalisha mtu. Majuma mawili baadaye alilitoa benchi nje, akampa mwuza mafuta ya mawese, na akamwita seremala wa jirani kumtengenezea kila mwanafunzi kiti. Ni mimi niliyempima kila mmoja, maana ni mimi niliyebaki ninayejua. Mgongo wangu ulipona. Nilishona vizuri kuliko nilivyowahi kushona, na hakuna siku niliyokaa bila kusikia sauti ya Papa Étienne akisema "polepole, mutoto wangu."

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nilipofungua chumba changu pale Tshopo, nilimpima kila mwanafunzi kabla hajashika sindano. Watu wakashangaa, wakasifu. Masista wa kituo kimoja cha wasichana walikuja kutazama, kisha wakaniita niwatengenezee chumba chao. Mafundi walitoka Bengamisa kuja kupima meza zangu. Wakaanza kuviita viti vile "viti vya Mama Béa," na aliponiuliza mtu wa kwanza nilijifunzia wapi, nilisema nilijifunza kwa mgongo wangu. Mara ya kwanza nilisema hivyo kwa aibu, kwa sababu kumtaja Georgine kungeleta maswali. Mara zilizofuata nilisema kwa sababu ilikuwa tamu. Miaka imepita zaidi ya thelathini, na utamu ule sikuutema.

Baada ya mazishi, watoto wa Mama Zaina walileta kitenge cha arobaini, nguo ya aina moja kwa familia nzima, na wakasema wanataka kishonwe na watu wawili tu, Ya Georgine, ambaye hakuwahi kuacha kumtembelea mama yao, na Mama Béatrice. Chumba changu ndicho kikubwa. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Georgine aliingia mlangoni kwangu, kwa mara ya kwanza. Wanafunzi wangu sita walikuwa wameshakaa, kila mmoja kwenye kiti chake, nyayo zimelala, mabega chini, mwanga kutoka kushoto. Alisimama. Alitazama chumba chote bila haraka. Aimée, mkubwa wao, mwanamke anayenipenda, aliona mgeni ameduwaa, akainuka kwa fahari.

"Mama mugeni, unaangalia viti? Ni Mama Béa mwenyewe njo alivumbua. Batu banatoka mbali kuona."

"Ah bon?" alisema Georgine.

Alipitisha kiganja juu ya ubao wa mgongo wa kiti kilichokuwa karibu, akanigeukia. Sikuona hasira usoni mwake. Alikuwa anangoja tu. Nilijua kwamba nikicheka na kubadilisha mazungumzo, hatanidai kitu, kama vile hakunidai kule karakanani. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama chuma cha pasi.

"Hapana, Aimée," nikasema. "Miye sikuvumbua kitu. Ni huyu. Alitengeneza ya kwanza kwa mikono yake, nikashika metre tu. Na nilimuonea wivu, nikamusemea uongo, akafukuzwa." Nikaendelea mpaka mwisho, nimesimama. Pedali zote sita zilikuwa zimesimama.

"Na papa yangu," Georgine alisema. "Umemusahau papa yangu."

"Na papa yake. Papa Étienne, seremala wa Yangambi. Yeye njo alinipima na kunielezea yote."

Georgine aliitika kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea kitu alichokuwa amekiagiza zamani. Akashusha mfuko begani, akaniuliza kama nina uzi mweusi wa kutosha. Tukaanza. Mimi nilikata, yeye alishona. Kabla ya saa sita wanafunzi wangu wote walikuwa wamemzunguka. Alimwambia Aimée kwamba kiti chake kiko juu kidogo kwa miguu yake, na alisema kweli, mimi sikuwa nimeliona kwa miaka minne yote aliyokaa kwangu. Walicheka naye. Chai wakamletea yeye kwanza. Nilisimama kwenye meza ya kukatia peke yangu na nikahisi moto uleule wa zamani ukipanda, sitadanganya tena, na niliendelea kukata.

Alasiri alikunja kazi yake, akafuta cherehani, akajifunga vizuri liputa. Sikuthubutu kumwuliza kama amenisamehe, na yeye hakusema. Mlangoni alisimama kidogo, akatazama juu kama mvua itanyesha.

"Kesho nitafika saa mbili," alisema. "Usichelewe kufungua."